Anatomia na lugha ya matibabu kwa anayeanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila kundi jipya la wanafunzi linapoanza, na mengi huulizwa pia na watu waliotoka kumwona daktari wakiwa na karatasi wasiyoielewa. Si lazima uyasome kwa mfululizo. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, nimekuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Anatomia ni nini hasa, na fiziolojia inaingia wapi?

Anatomia ni elimu ya umbo la mwili: kitu gani kiko wapi, kimepakana na nini, kimeshikiliwa na nini. Fiziolojia ni elimu ya kazi. Ukisema moyo una vyumba vinne, hiyo ni anatomia. Ukisema moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, hiyo ni fiziolojia. Ya tatu ni patholojia, inayochunguza kilichoharibika na namna kilivyoharibika. Darasani huwa tunazitenga, ila mgonjwa huja nazo zote tatu kwa pamoja.

Kiswahili nimezaliwa nacho. Mbona majina ya mwili bado yananichanganya?

Kwa sababu maneno yetu ya kila siku ni mapana, na tiba inataka maneno membamba. Chukua "mguu". Kwetu mguu unaanzia nyongani hadi kwenye ncha za vidole. Mtu akiniambia "naumwa mguu", sijaambiwa kitu bado. Ni paja? Goti? Muundi, yaani ule mfupa wa mbele unaouma sana ukigonga kitanda? Shavu la mguu? Kifundo? Kisigino? Niliwahi kumkagua mzee goti kwa dakika kadhaa, nikalikunja na kulikunjua, kabla hajaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kidonda cha unyayoni utakitazama saa ngapi?" Kosa lilikuwa langu. Sikumuuliza mguu upi wa mguu.

"Mkono" ni hivyo hivyo: bega, kiwiko, kigasha (kati ya kiwiko na kifundo), kifundo, kiganja, vyote ni mkono. "Tumbo" lina taabu zaidi, maana ni jina la eneo lote kati ya kifua na nyonga, na pia ni jina la ule mfuko mmoja unaopokea chakula kutoka kwenye umio. Kwa hiyo "tumbo linauma" linaweza kuwa la mfuko wa chakula, utumbo, kibofu, figo, au mji wa mimba.

Lakini mfalme wa utata ni "mshipa". Kwa neno hilo hilo watu humaanisha njia ya damu, neva (uzi unaopeleka taarifa kati ya mwili na ubongo), msuli uliokaza, na hata ngiri ("ana mshipa"). Ndiyo maana vitabu husema ateri, vena na neva. Maneno haya hayana uhondo wa "mshipa", lakini kila moja lina maana moja tu.

"Kiungo" nalo liangalie. Laweza kuwa sehemu yoyote ya mwili, au mahali mifupa miwili inapokutana. Humu nitatumia "ogani" kwa moyo, ini na wenzake, na "kiungio" kwa goti, kiwiko na kadhalika.

Je, lazima nijifunze Kilatini na Kigiriki?

Hapana. Unachohitaji ni vipande vya maneno, hamsini au sitini hivi, na namna ya kuviunganisha. Mfano wa kazi hiyo uko kwenye swali la kuvunja neno refu, huko chini.

Nianze na mfumo upi?

Mifupa. Haiendi popote, unaweza kuishika kwa nje, na karibu kila kitu kingine huelezwa kwa kuitaja. Ukijua mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, uko wapi na mbavu zinahesabiwaje, utaweza kusema mapigo ya moyo yanasikika wapi bila kuonyesha kwa kidole.

## Ramani ya mwili

Wanaposema "kulia", ni kulia kwa nani?

Kwa mgonjwa. Kila mara, bila ubaguzi. Unapomtazama mtu usoni, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto, na ini lake nalo liko upande wako wa kushoto. Picha ya eksirei hupangwa hivyo hivyo, kana kwamba mwenye picha amesimama akikutazama. Wanaoanza hukosea hapa kuliko mahali pengine popote. Dawa yake ni moja: kabla ya kuandika "kulia" au "kushoto", jiweke wewe ndani ya mwili huo.

Kwa nini picha za anatomia humwonyesha mtu amesimama na viganja vimegeukia mbele?

Huo ndio mkao wa kianatomia: mtu amesimama wima, uso mbele, mikono imening'inia, viganja mbele, vidole gumba vikielekea nje. Maelezo yote hudhania mkao huo hata kama mgonjwa amelala kifudifudi. Sababu ni mkono. Kigasha kina mifupa miwili, na ukigeuza kiganja kuelekea nyuma, mmoja huupanda mwenzake kama miguu ya mtu aliyekaa amepachika nne. Bila kukubaliana mkao mmoja, "upande wa ndani wa mkono" ungebadilika kila mtu anapojigeuza.

Anteria, distali, laterali… nitayashikaje?

Yashike mawili mawili. Anteria ni mbele, posteria ni nyuma. Superia ni juu, inferia ni chini. Mediali ni kuelekea mstari wa katikati ya mwili, laterali ni kuukimbia mstari huo. Proksimali ni karibu na kiwiliwili, distali ni mbali nacho, na haya mawili hutumika zaidi kwa mikono na miguu.

Kumbuka kwamba ni maneno ya kulinganisha. Kiwiko si "proksimali" hivi hivi; kiko proksimali kwa kifundo cha mkono na distali kwa bega. Ukikutana na neno la mwelekeo, uliza papo hapo: kwa kulinganisha na nini?

Tumbo hugawanywaje?

Njia ya haraka ni mistari miwili inayokatizana kitovuni, ikitoa robo nne. Ini na mfuko wa nyongo hukaa zaidi robo ya juu kulia. Wengu na sehemu kubwa ya mfuko wa chakula viko juu kushoto. Kidole tumbo kiko chini kulia. Kongosho limelala nyuma kabisa, limekatiza katikati, na ndiyo maana maumivu yake mara nyingi huchomoza mgongoni. Figo nazo ziko nyuma, moja kila upande wa uti wa mgongo. Ya kulia kwa kawaida huwa chini kidogo kuliko ya kushoto kwa sababu ini limekaa juu yake.

Pale chini ya kidari, mbavu zinapoachana, Kiswahili kina jina lake zuri: chembe cha moyo. Jina linadanganya kidogo, maana linalouma hapo mara nyingi ni tumbo la chakula. Lakini si mara zote. Soma swali la kiungulia.

## Mifupa, misuli na viungio

Mtu ana mifupa mingapi?

Mtu mzima ana 206. Mtoto mchanga ana mingi zaidi, kati ya 270 na 300, kwa sababu mingi ya kwake ni vipande ambavyo huungana anapokua. Chini ya mgongo, kwa mfano, kuna pingili tano ambazo ukubwani huwa mfupa mmoja. Zaidi ya nusu ya mifupa yote iko mikononi na miguuni: kila mkono, kuanzia kifundo hadi vidoleni, una 27, na kila mguu kuanzia kifundo una 26. Zidisha upate 106.

Mrefu kuliko yote ni mfupa wa paja. Mdogo kuliko yote uko ndani ya sikio, wa milimita 3 hivi, na umbo lake ni kama kikuku cha tandiko la farasi.

Pingili za uti wa mgongo zinahesabiwaje?

Shingoni 7, kifuani 12, kiunoni 5, kisha zile tano zilizoungana, na mwishoni kifandugu, ambacho kwa kawaida kina vipande vinne. Zile 12 za kifuani ndizo zinazobeba mbavu, jozi 12. Wanaume na wanawake wana idadi sawa ya mbavu. Swali hili huulizwa kila mwaka na kila mwaka kuna mtu anayetaka kuzihesabu upya.

Kano, ligamenti na gegedu zina tofauti gani?

Kano huunganisha msuli na mfupa. Ligamenti huunganisha mfupa na mfupa. Gegedu ni ile tishu ngumu yenye kunesa inayofunika ncha za mifupa kwenye viungio na kuunda umbo la sikio.

Kano unaweza kuiona sasa hivi. Weka kigasha mezani, kiganja juu. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo kidogo kuelekea kwako. Kwa watu wengi utachomoza uzi mgumu katikati ya kifundo. Hiyo ni kano ya msuli mwembamba wa kigasha. Kama huoni kitu, hujakosea na wala si mgonjwa. Nenda kwenye swali la tofauti za kimaumbile.

"Kuteguka" ni nini kitaalamu?

Ni mambo mawili yaliyobebwa na neno moja. La kwanza, ligamenti imevutwa kupita kiasi au kuchanika, lakini mifupa iko mahali pake. La pili, mfupa umetoka kabisa kwenye kiungio. La kwanza mara nyingi hupona kwa kupumzisha kiungo, kukifunga na kukiinua. La pili lazima lirudishwe na anayejua, baada ya kuhakikisha hakuna mfupa uliovunjika wala neva iliyobanwa. Ukiandika "ameteguka", ongeza sentensi moja ya kusema lipi.

## Damu, moyo na maumivu

Ateri ni mishipa ya damu safi na vena ni ya damu chafu, sivyo?

Ndivyo tulivyofundishwa wengi, na si sahihi. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni. Vena ni unaorudisha damu moyoni. Kinachohesabika ni mwelekeo wa damu. Katika sehemu kubwa ya mwili ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi, lakini ateri za mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo, na vena za mapafu hurudisha ile iliyojaa oksijeni. Isitoshe, damu ya kwenye vena si uchafu. Ni damu ile ile iliyo safarini.

Jina lenyewe lina historia ya kosa. Baadhi ya Wagiriki wa kale waliamini ateri hubeba hewa, kwa sababu kwenye maiti waliikuta karibu tupu. Galeno, daktari maarufu wa zama za kale, alionyesha kuwa ndani yake mna damu, ila hakujua kuwa damu inazunguka. Hilo lilithibitishwa na William Harvey wa Uingereza, mwaka 1628. Galeno mwenyewe alipasua wanyama badala ya watu, na makosa yake yalidumu zaidi ya miaka elfu moja. Mwanaanatomia Andreas Vesalius alipochapisha kazi yake mwaka 1543, moja ya alichosahihisha ni taya la chini: Galeno alisema ni mifupa miwili, kumbe kwa mtu mzima ni mmoja.

Presha ya 120/80 maana yake nini?

Namba ya juu ni msukumo wa damu kwenye ateri moyo unapojikamua. Ya chini ni msukumo uliobaki moyo unapolegea. Kipimo ni milimita za zebaki. Angalia pia kwamba kila mtu ana presha. "Ana presha" kwa lugha ya mtaani ni "presha yake iko juu", kama vile "ana sukari" ni "ana kisukari". Kwenye fomu usiandike hivyo.

Kiungulia kina uhusiano gani na moyo?

Hakina. Ni tindikali ya tumbo inayopanda kwenye umio, na umio unapita nyuma tu ya moyo, hivyo moto wake unasikika kifuani. Taabu ni kwamba mshtuko wa moyo nao unaweza kuanza kwa maumivu kwenye chembe cha moyo pamoja na kichefuchefu. Maumivu ya kubana au kukandamiza kifua, yanayosambaa kwenye mkono, shingo au taya, yakiambatana na jasho au kukosa pumzi, ni dharura. Usikae nyumbani kusubiri uone kama yatapoa kwa maziwa.

Kwa nini mahali panapouma si lazima pawe na ugonjwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Ogani za ndani hazina neva nyingi za kuonyesha mahali kwa usahihi, na neva zake huingia kwenye uti wa mgongo kwenye ngazi zile zile zinazopokea taarifa za ngozi na misuli. Ubongo hupokea habari ya maumivu, na kwa kuwa umezoea habari za ngozi, huisingizia ngozi.

Kidole tumbo ni mfano mzuri. Mara nyingi kikianza kuvimba, maumivu husikika kuzunguka kitovu, yasiyo na mahali maalumu. Baada ya saa kadhaa, uvimbe unapogusa utando wa ndani wa ukuta wa tumbo, ambao wenyewe una neva sahihi, maumivu huhamia chini kulia na kuwa makali. Ugonjwa haukuhama, kilichobadilika ni neva inayotoa taarifa. Kadhalika tatizo la mfuko wa nyongo huweza kuuma bega la kulia, kwa kuwa kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, hupata neva yake kutoka shingoni, jirani na neva za bega.

## Kusoma maneno ya daktari

Neno refu nalivunjaje?

Anzia mwishoni. Chukua "gastroenteritisi". Mwisho ni *-itisi*: hali ya sehemu kuvimba, kuwa nyekundu, kupata joto na kuuma. Rudi mwanzo: *gastro-* ni tumbo la chakula, *entero-* ni utumbo. Jumla: tumbo na utumbo vimevimba kwa ndani, yaani mtu anatapika na kuharisha.

Sasa jaribu mwenyewe. *Hepa-* ni ini, *nefro-* ni figo, *kadio-* ni moyo, *osteo-* ni mfupa, *nyuro-* ni neva. Mwishoni *-lojia* ni elimu, *-skopi* ni kutazama ndani kwa kifaa, *-ektomi* ni kukata na kuondoa, *-emia* ni hali ya damu. Hepatitisi utaijua, nefrolojia utaijua.

Haipa na haipo: nitaacha lini kuzichanganya?

Ukijifunza kuziandika kabla ya kuzitamka. *Haipa-* ni kupita kiasi, *haipo-* ni pungufu. Kwa simu, au katika chumba chenye kelele, hutofautiana kwa irabu moja tu, na irabu hiyo ndiyo inayotenga mtu mwenye sukari nyingi mno na mtu ambaye sukari yake imeshuka na anahitaji kitu kitamu mara moja. Mimi husema kwa Kiswahili, "sukari imeshuka" au "sukari imepanda". Hakuna aliyewahi kunielewa vibaya.

Je, kila neno lenye *-oma* ni saratani?

Hapana. Lipoma ni uvimbe wa mafuta, kwa kawaida hauna madhara. Hematoma si uvimbe wa seli hata kidogo, ni damu iliyojikusanya baada ya kuumia. Glaukoma ni ugonjwa wa macho. Ila melanoma na limfoma ni saratani kweli. Kipande hiki hakitoshi kukupa jibu. Soma neno zima.

"Kali" na "sugu" ni kiasi cha ubaya?

Ni muda. Ugonjwa unaoanza ghafla na kwenda haraka huitwa wa ghafla au mkali, hata ukiwa mafua tu. Sugu ni wa muda mrefu, hata kama mwenye nao anatembea na kucheka. Usichanganye na "usugu wa dawa", ambao ni wa vijidudu.

Vifupisho vya dawa, je?

Vingi ni Kilatini: *bd* mara mbili kwa siku, *tds* mara tatu, *prn* inapohitajika, *po* kwa mdomo, *stat* sasa hivi. Jihadhari na *od*: kwa wengine ni mara moja kwa siku, kwa madaktari wa macho ni jicho la kulia. Na mikrogramu ni sehemu moja ya elfu ya miligramu, kwa hiyo ukisoma vibaya, umekosea mara elfu moja. Mwandiko usiosomeka haukisiwi. Unaulizwa.

## Yasiyo ya kawaida

Ni kweli kuna watu moyo wao uko kulia?

Kweli. Kuna hata ambao ogani zote za kifua na tumbo zimegeuka kama kwenye kioo: ini kushoto, wengu kulia. Inakadiriwa kuwa ni mtu 1 kati ya 10,000 hivi, na wengi huishi bila kujua hadi siku ya kupigwa picha. Kwao kidole tumbo huuma chini kushoto.

Vitabu vinasema kitu kiko hapa, kwangu hakipo. Nina kasoro?

Huenda ni tofauti ya kimaumbile tu. Ile kano ya kifundo haipo kwa baadhi ya watu, wakati mwingine kwa mkono mmoja tu, na nguvu zao za kushika ni zile zile. Wengine wana ubavu wa ziada shingoni. Wengine wamezaliwa na figo moja. Kitabu huchora yule anayeonekana mara nyingi zaidi.

Majibu yangu yameandikwa "hasi". Niogope?

Mitaani hasi ni mbaya na chanya ni nzuri. Kwenye vipimo, hasi maana yake kilichotafutwa hakikuonekana. Chanya maana yake kimeonekana. Ukipima malaria na jibu likawa hasi, vijidudu havikuonekana kwenye damu iliyopimwa. Neno la kuzingatia ni "iliyopimwa": kama homa inaendelea, kipimo hurudiwa.